Ar-Raaziy: Tabibu Aliyewaandikia Watoto Risala Yao

Akitajwa ar-Raaziy, wengi wetu humkumbuka Imaam Fakhrud-Diyn, mwenye ile tafsiri kubwa ya Qur-aan, aliyefariki mwaka 606 Hijria. Tunayemkusudia hapa ni mwingine, aliyemtangulia kwa karibu miaka 300: Abu Bakr Muhammad bin Zakariyyaa, tabibu. Wote wawili wananasibishwa na mji wa Rayy, ambao magofu yake leo yamo pembezoni mwa Tehran, nchini Iran.

Alizaliwa yapata mwaka 251 Hijria (865 Miladia). Udaktari aliusoma akiwa tayari mtu mzima, kisha akasimamia hospitali ya Rayy na baadaye ya Baghdad. Kuna kisa maarufu kwamba alitundika vipande vya nyama sehemu mbalimbali za Baghdad ili hospitali ijengwe pale nyama ilipochelewa kuoza. Wanaoihusisha habari hiyo na hospitali ya 'Adudiyyah wamekosea tarehe, kwani hiyo ilifunguliwa mwaka 372 Hijria, naye alikuwa kaburini zaidi ya nusu karne.

Yaliyothibiti kwake yanatosha. Aliandika risala ya maradhi ya watoto peke yake, wakati ambapo habari za watoto kwa kawaida zilikuwa zikipachikwa ndani ya vitabu vya uzazi au vya tiba ya watu wazima. Humo amezungumzia kifafa, masikio yanayotoa usaha, kuota meno, kuharisha, kikohozi, minyoo, ngiri na mawe ya kibofu. Asili yake ya Kiarabu imepotea. Zilizobaki ni tafsiri za Kilatini na Kiebrania.

Mtoto mchanga hawezi kusema panapomuuma, wala kulalamika kuwa dawa imemzidi. Tabibu anayemtibu kwa kubahatisha anaweza kumuua, na wazazi wakadhani ni ugonjwa. Ndiyo maana tunaona njia ya ar-Raaziy ya kuzijaribu dawa ina uzito kuliko hata dawa zenyewe. Zebaki alimnywesha kima kwanza, akaangalia: mnyama akawa anajishika tumbo na kujipindapinda. Katika maradhi ya uvimbe wa ubongo, alilitoa damu kundi moja la wagonjwa na kwa makusudi akaliacha kundi jingine, ili aone kama kutoa damu kunasaidia. Jibu alilopata kuhusu kutoa damu madaktari wa leo hawalikubali, lakini kulinganisha makundi mawili ndiyo kazi wanayoifanya mpaka sasa kabla dawa haijaruhusiwa kwa mtoto.

Kitabu chake mashuhuri zaidi ni cha ndui na surua, maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza watoto. Aliyatenganisha kwa dalili: maumivu ya mgongo ni makali zaidi katika ndui, kichefuchefu na wahka katika surua. Alisisitiza macho ya mgonjwa wa ndui yalindwe mapema kwa matone ya maji ya waridi, kwa kuwa wengi walipona wakabaki vipofu. Sababu aliyoitoa, kwamba damu ya mtoto huchachuka kama maji ya zabibu, haikuwa sahihi. Msomaji asichukue dawa zake akampa mwanawe leo. Mtoto apelekwe hospitali.

Kuhusu itikadi yake, amenasibishiwa maneno mazito ya kukanusha Utume. Mengi yamepokelewa kupitia mpinzani wake, Abu Haatim ar-Raaziy, naye alikuwa Ismaailiy. Kama aliyasema, hatuyakubali kamwe; na hukumu yake iko kwa Allaah. Tiba yake Waislamu waliichukua kama tiba.

Mwisho wa umri wake alipofuka macho, akafariki Rayy mwaka 313 Hijria (925). Aliacha marundo ya kumbukumbu za wagonjwa wake na za vitabu alivyosoma. Baada ya kifo chake zikakusanywa, zikawa kitabu al-Haawiy, ambacho Faraj bin Saalim, Myahudi wa Sicily, alikamilisha kukitafsiri kwa Kilatini mwaka 1279.