Tata Raphaël, Padri wa Mpira

Watoto wa Kabondo, ninyi mnaocheza mpira baada ya masomo, hata mpira wa matambara, sikilizeni habari za padri mmoja aliyependa sana mchezo huo.

Jina lake ni Raphaël de la Kethulle. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1890, karibu na mji wa Brugge, katika ukoo wa watu wakubwa. Angaliweza kukaa kwao kwa raha. Lakini aliingia shirika la mapadri wa Scheut, na mwaka 1917 akafika Leopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Toka kwetu Kisangani hata huko, kwa njia ya mto, ni kilometa 1,700 na zaidi.

Siku zile watu walikuwa wakimiminika Leopoldville kutoka pande zote za Kongo kutafuta kazi. Wavulana wa makabila mengi wakajikuta katika mtaa mmoja, kila mmoja na lugha ya mama yake. Padri Raphaël alifundisha na kuongoza shule, lakini kazi yake haikuisha kengele ilipolia. Aliwafundisha vijana mazoezi ya viungo, aliwaanzishia skauti, na zaidi ya yote aliwapa mpira. Mwaka 1919 aliunda chama cha michezo cha vijana Wakongo. Wengi walicheza miguu mitupu. Sasa fikirini: mko kumi na mmoja, na adui anakuja mbio kuelekea goli lenu. Nani atauliza kwanza kabila la mwenzake kabla ya kumpa mpira?

Waliomaliza shule hakuwaacha. Mwaka 1925 aliwakusanya katika chama cha wanafunzi wa zamani, na mwaka 1936 alianzisha timu ya Daring, ambayo leo ni Motema Pembe. Watu wakamwita Tata, maana yake Baba kwa Kilingala.

Lakini lazima tuseme kweli yote. Katika nchi ile Wazungu walikuwa na chama chao cha mpira, na Wakongo chao, mbalimbali. Haikuwa haki. Tena wakubwa wa serikali walipenda vijana wacheze, kwa maana walitumaini kwamba kijana aliyechoka kwa mpira hatafikiri mambo ya utawala.

Padri aliendelea kujenga. Katika miaka ya 1930 ulitokea uwanja wa Malkia Astrid. Halafu, mwaka 1952, ukafunguliwa uwanja mkubwa wa Mfalme Baudouin, wenye nafasi ya watu makumi elfu. Katika Afrika viwanja vya namna hiyo vilikuwa vichache mno. Miaka minne baadaye, Juni 1956, Tata Raphaël akafa. Alikuwa na umri wa miaka 65.

Tumaini la wakubwa wale halikutimia. Siku ya Jumapili, tarehe 4 Januari 1959, timu ya Vita ilicheza na Mikado katika uwanja ule. Siku hiyohiyo, karibu na hapo, serikali ilikuwa imekataza mkutano wa chama cha ABAKO. Watu wakakasirika. Maelfu waliotoka kutazama mpira wakajiunga nao, na ghasia ikaenea mjini. Askari walipiga risasi na wengi walikufa. Mwaka na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipata uhuru.

Mwaka 1967 uwanja ulipewa jina la 20 Mei. Ni humo ambamo, usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane, na dunia nzima ikasikia jina la Kinshasa. Mwaka 1997 jina likabadilishwa tena. Safari hii hawakuchagua mfalme wala tarehe. Waliuita uwanja wa Tata Raphaël.