Susanna Wesley, Mama na Mwalimu

Susanna Wesley alizaliwa London mwaka 1669. Mumewe alikuwa kasisi wa Epworth, mji mdogo wa Uingereza. Alizaa watoto 19, nao karibu nusu wakafa wangali wachanga. Waliosalia aliwafundisha mwenyewe nyumbani.

Mtoto alipotimiza miaka 5, alitengewa siku yake. Siku iliyotangulia nyumba ilitengenezwa, na kila mtu akapewa kazi yake. Hapana aliyeruhusiwa kuingia chumbani tangu saa tatu asubuhi hata saa sita, wala tangu saa nane hata saa kumi na moja. Siku hiyo moja mtoto alijifunza herufi zote. Wawili tu walihitaji siku moja na nusu. Kisha akaanza kusoma Mwanzo, sura ya kwanza. Wala binti hakufundishwa kushona kabla hajajua kusoma vizuri.

Mwezi wa Februari 1709 nyumba yao iliteketea usiku. John, mwenye miaka 5, alisalia ndani. Mtu mmoja akapanda mabegani mwa mwenzake, akamtoa dirishani. Basi watoto wakatawanywa katika nyumba za watu, wakapotewa na adabu. Hata nyumba ilipojengwa tena, mama yao akaanza upya, na kila siku masomo yakafunguliwa na kufungwa kwa zaburi.

Susanna alifariki mwaka 1742. Wanawe John na Charles ndio walioanzisha Umethodisti, nao walipata elimu yao ya kwanza kwa mama yao.