Robert Williams: mutu aliyepitisha kontra za shaba na reli mukono kwa mukono

Wakaaji wa Mashamba na Kolwezi nzima wanajua ile njia ya reli inayopeleka shaba mupaka Lobito, Angola. Ilianza na kontra iliyoandikwa kwa jina la mutu mumoja.

Robert Williams alizaliwa Aberdeen, Scotland, mwaka 1860. Alikuwa injinia wa migodi. Kule Kimberley, Afrika ya Kusini, alifahamiana na Cecil Rhodes. Mwaka 1899 akaanzisha sosyete yake, Tanganyika Concessions.

Mwaka 1900 alipatana na Comité Spécial du Katanga atafute madini: faida ya migodi, 60% kwa Comité, 40% kwa upande wake. Watu wake, wakiongozwa na George Grey, wakaingia Katanga. Mara nyingi walionyeshwa mashimo ambamo mababu walikuwa wanachimba shaba tangu zamani.

Tarehe 28/10/1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Haki za migodi zikapita kwake, Williams na wenzake wakabaki na hisa. Hii njo kupitisha kontra: maandiko yanabaki, mwenye kuyashika anabadilika.

Na reli ilikuwa vile vile. Mwaka 1902 Ureno ilimupa Williams haki ya miaka 99. Mwaka uliofuata akaipitisha kwa kampani ya reli ya Benguela. Kazi ilikosa feza mara nyingi, lakini hakuiacha. Reli ilifika mupaka wa Kongo mwaka 1929, ikaungana na ya Katanga mwaka 1931. Williams alikufa mwaka 1938.

Kontra hazikufa naye. Mali ya Union Minière iliingia mikononi mwa Leta mwaka 1967, ikawa Gécomin, kisha Gécamines. Reli ilirudia Leta ya Angola mwaka 2001, miaka 99 ilipotimia.

Katika mapatano yote ya Williams, wenye vijiji hawakutia sahihi, na udongo ulikuwa wao. Leo, sosyete ikiuza haki yake, sheria ya migodi inataka mupya abebe mizigo ya yule wa kwanza mbele ya Leta. Lakini kisima ao masomo yaliyoahidiwa kwa mudomo tu, hakuna karatasi ya kumuonyesha mupya. Kwa hiyo ahadi iandikwe mapema, na kopi ibaki kwa wakaaji.