Denis Burkitt na Uvimbe wa Mataya ya Watoto



Ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wametuuliza zaidi ya mara moja kuhusu watoto wanaovimba taya kwa ghafla. Meno yanalegea, uso unapinda, na nyumbani huzuka rai tatu: mmoja anasema ni jino, mwengine anasema ni jicho la hasadi, wa tatu anasema tusubiri. Tumeona bora tueleze habari za mtu aliyeutambua uvimbe huu, kwani katika maisha yake muna sehemu kubwa ya jawabu. Hakuwa Muislamu, alikuwa Mkristo aliyeshika sana dini yake. Wanavyuoni wetu wa Baghdad waliisoma tiba ya Wagiriki na ya Wahindi, nasi hatuoni tabu kujifunza kwa daktari huyu.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, kaskazini ya Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Baba yake alikuwa mhandisi, na wakati wa faragha akiwafuatilia ndege wadogo na kuchora ramani kuonesha kila mmoja anaishi wapi. Mtoto alipofika miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Alianza kusoma uhandisi Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi katika idara ya tiba ya makoloni alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita vya Pili vya Dunia vikamchukua jeshini kama daktari wa upasuaji, akaijua Afrika ya Mashariki, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini ya Uganda.

Huko Lira alikutana na maradhi ambayo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa: busha. Madaktari wengi walilipasua wakaendelea na kazi zao. Yeye aliuliza wagonjwa wanatoka wapi. Akagundua kuwa mashariki ya wilaya ile takriban asilimia 30 ya wanaume walikuwa nalo, na magharibi karibu asilimia 1 tu. Baadaye ilifahamika kuwa sababu ni vijidudu vinavyoenezwa na mbu. Kwa rai yetu, kazi yote iliyokuja baadaye ilianzia katika suala lile dogo la wapi.

Mwaka 1948 alihamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja, na hata saratani kwa kawaida huanzia mahala pamoja, kwa hiyo hakuna aliyejua aseme nini. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatupa jicho nje ya dirisha na kumuona mtoto wa kike amekaa na mama yake, uso wake ukiwa vile vile. Akatoka kumpima. Hakuishia kwenye taya; alimpapasa na tumbo, akakuta mna uvimbe pia.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Uvimbe huu ulikuwa hospitalini miaka yote, lakini ulikuwa umeandikwa kwa majina mbali mbali. Uliotokea kwenye taya uliandikwa ugonjwa wa taya, wa figo ukaandikwa wa figo, wa ini wa ini, na wa mfuko wa mayai wa msichana ukahesabiwa kitu chengine kabisa. Jicho likisukumwa nje, mtoto alihesabiwa mgonjwa wa jicho. Burkitt alirudi Mulago akafungua mafaili, na akaona kwamba watoto wale wale waliovimba taya walikuwa na uvimbe sehemu nyengine. Aliandika habari hiyo katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza mwaka 1958. Wachunguzi wa maabara, miongoni mwao George O'Conor, Mmarekani, waliangalia vipande vya nyama kwa hadubini wakathibitisha kuwa ni saratani moja, ya aina ya limfoma, yaani saratani ya chembe zinazolinda mwili.

Kisha akarejea kwenye suala lake la zamani. Mwezi wa Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu hadi Afrika Kusini na kurudi: wiki 10, kiasi cha kilomita 16,000, hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walionesha picha na kuuliza kama watoto wa namna hii wapo. Ramani ilipokamilika, uvimbe ulionekana kwenye nchi zenye joto na mvua, na karibu na ikweta haukupanda juu ya mita 1,500. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi hazikuwa nao.

Ndugu zetu wapo penye mpaka huo khasa. Vilima vya Ngara vinapita kiwango hicho, mabonde ya mito Kagera na Ruvubu yapo chini yake, na Biharamulo inateremka kuelekea Ziwa Victoria.

Kisiwani kwetu palikuwa na ajabu nyengine. Unguja na Pemba zina joto na mvua ya kutosha, na uvimbe ulikuwa nadra mno. Tafauti ilikuwa malaria, ambayo wakati ule ilikuwa imedhibitiwa kwa kupuliza dawa majumbani. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Kirusi hicho watu takriban wote hukipata utotoni bila ya madhara. Malaria inayomrudia rudia mtoto huidhoofisha kinga inayokizuia, na kwa wachache mno saratani huzuka. Basi hapana aliyemhusudu mtoto, wala mama hakukosea kumlisha.

Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, na kukata taya zima la mtoto ni jambo la kutisha lisilofaa kitu. Burkitt akajaribu dawa za saratani. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na wako watoto waliopona kwa dozi moja au mbili. Leo dawa hutolewa kwa mpangilio kamili, na kwa watu wa Kagera hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, Mwanza.

Hapa ndipo fiqhi inapoingia. Wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu hukumu ya kujitibu. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 7 huko Jeddah mwaka 1992, lilipitisha kuwa matibabu huwa wajibu pale ambapo kuyaacha kutapelekea kuangamia nafsi. Uvimbe huu hukua kwa kasi inayoonekana, taya la leo silo la wiki ijayo, na dawa yake inajulikana. Kwa hiyo mzazi hana ruhusa ya kusubiri. Kisomo kisomwe, nasi tunakisoma, lakini kisomwe njiani. Na jino linalolegea bila ya kuoza kwa mtoto aliyevimba taya lisiwe sababu ya kung'oa tu na kurudi nyumbani: mtoto avuliwe nguo apimwe tumbo na macho, na kipande cha nyama kichukuliwe kikachunguzwe.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Uingereza alijulikana zaidi kwa kuwahimiza watu kula vyakula vyenye makapi, baada ya kulinganisha maradhi ya tumbo ya Ulaya na ya Afrika. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.