MARY ANDERSON: BIBI ALIYETUPANGUSIA KIOO

Kurasa za maisha ya watu mashuhuri aghalabu huwa tunawapa wapigania uhuru na malenga, nao wanastahili. Mwaka huu mimi nawaletea bibi mmoja wa Marekani ambaye hakushika bunduki wala hakutunga shairi, lakini hakuna dereva anayetoka Likoni kwenda Lunga Lunga wakati wa masika asiyemtegemea. Huyu ni Mary Anderson, aliyebuni waipa, ule mkono wenye mpira unaopangusa kioo cha mbele cha gari. Mtaniuliza, mashuhuri wapi na sisi hata jina hatulijui? Subirini kidogo.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1866 katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, mwaka mmoja tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo kumalizika. Babake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Mwaka 1889 yeye, mamake na dadake walihamia mji wa Birmingham, huko huko Alabama, wakajenga nyumba za kupangisha. Mnamo 1893 akaenda California, upande wa pili kabisa wa nchi, akaendesha ranchi ya ng'ombe na shamba la mizabibu mpaka 1898, kisha akarejea Birmingham. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mkulima na mwenye nyumba, basi.

Sasa ndio twafika kwenye uhondo wenyewe. Katika majira ya baridi ya 1902 kuingia 1903 alitembelea New York. Siku moja alipanda tramu, lile gari la abiria linalopita juu ya reli mjini. Nje kulikuwa kukianguka theluji iliyochanganyika na mvua, na dereva haoni mbele. Afanyeje? Ilimbidi afungue kioo ili achungulie, maji na baridi vyamchapa usoni, safari yenyewe yenda kwa mwendo wa kinyonga. Siku hizo jambo hilo lilikuwa la kawaida. Wangapi walipanda tramu ile wakatetemeka, wakashuka, wakaenda zao! Bi. Mary yeye alijiuliza kwa nini kioo kisipanguswe kutoka ndani, dereva akiwa ameketi.

Akachora kifaa chake. Ndani, karibu na dereva, kulikuwa na wenzo wa kuvuta kwa mkono. Nje kulikuwa na mkono wenye ukingo wa mpira. Ukivuta wenzo, mkono unapita juu ya kioo na kurudi, na kipande kizito kinaushikilia mpira ugandamane na kioo. Baridi ikiisha unaung'oa mkono na kuuweka kando. Tarehe 10 Novemba 1903 alipewa hataza nambari 743,801, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi asiibiwe wazo lake, kwa miaka 17. Sisemi kwamba ni yeye pekee aliyewazia jambo hili, maana wengine nao walikuwa wakijaribu miaka hiyo hiyo. Lakini kifaa chake kilifanya kazi.

Mwaka 1905 akaiandikia kampuni moja ya Kanada iununue uvumbuzi wake. Wakamjibu kwamba hawaoni faida ya biashara ndani yake. Ati waipa haina faida! Lakini tusiwacheke sana. Magari yalikuwa machache mno, hata ile Ford ya Model T iliyowapa watu wengi magari haikutoka mpaka 1908. Hataza yake ikaisha mwaka 1920. Mwaka 1922, miaka miwili tu baadaye, kampuni ya Cadillac ikaanza kuweka waipa katika kila gari lake. Hapo mimi huumia roho.

Wengine walizidi kuiboresha. Mwaka 1917 mwanamke mwingine, Charlotte Bridgwood, alipata hataza ya kipanguso cha umeme. Mwaka 1964 Robert Kearns aliomba hataza ya waipa inayopangusa, ikapumzika, ikapangusa tena, na baadaye akazishinda Ford na Chrysler mahakamani. Leo kuna waipa inayoanza yenyewe mvua ikinyesha, na hapo ndipo mjomba wangu anapoingia.

Mjomba ana gari la mtumba kutoka Japani lenye waipa ya aina hiyo. Kioo cha mbele kilipasuka kwa jiwe, akawekewa kingine katika gereji moja mjini. Tangu siku hiyo, jua likiwaka waipa yakwaruza kioo kikavu, kwiri kwiri, na mvua ikija, kimya! Alfajiri moja karibu na Ramisi mvua ilitushukia ghafla, kioo kikawa cheupe pe, na mbele lori laja. Mjomba akapapasa swichi, akaiwasha waipa kwa mkono, na ndipo tukaliona lori liko wapi. Lo!

Mjomba alitaka kununua mota mpya. Fundi wa Msambweni akamzuia. Kama waipa yafanya kazi ukiwasha kwa mkono, alieleza, basi mota na fyuzi ni nzima, na ugonjwa uko kwenye kihisi. Kihisi hicho hukaa nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma, kimegandamizwa kwenye kioo cha mbele. Hutuma mwanga usioonekana kwa macho. Kioo kikiwa kikavu mwanga hurudi wote, na tone likitua mwanga mwingine hutorokea nje, nacho hujua kwamba kunanyesha. Fundi akaosha chumvi ya bahari kiooni, akaweka swichi mahali pa kujiendesha, akamwaga maji ya kikombe pale pale penye kihisi. Kimya. Alipokibandua, kumbe ule utando laini kama jeli ulio kati ya kihisi na kioo ulikuwa wa zamani, umejaa vumbi na viputo vya hewa! Akaweka utando mpya, akamwaga maji tena, waipa ikaruka. Mipira pia aliibadilisha, kwa sababu iliyochakaa huacha ukungu wa maji ambao kihisi hudhani ni mvua.

Turudi kwa Bi. Mary. Aliendelea kusimamia nyumba zake za kupangisha, na uvumbuzi wake haukumletea fedha. Alifariki tarehe 27 Juni 1953 huko Monteagle, jimbo la Tennessee, akiwa na umri wa miaka 87. Mwaka 2011, miaka 58 baada ya kufa kwake, Wamarekani waliliingiza jina lake katika Jumba la Taifa la Heshima la Wavumbuzi.