Mwizi Aliyejifunza Kutoa: Maisha ya George Müller

SABATO MCHANA

Mafungu ya juma hili: Mithali 11:24, 25, Isaya 58:7-11, Marko 12:41-44, Luka 12:33, 34, Yohana 12:4-6, Matendo 20:35, 2 Wakorintho 9:6-11, Waefeso 4:28.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 10 Machi 1898, mzee wa miaka 92 alikutwa amekufa chumbani mwake katika nyumba ya yatima namba 3, Ashley Down, katika mji wa Bristol, Uingereza. Jioni iliyotangulia alikuwa kwenye ibada ya maombi kama kawaida. Siku ya maziko maelfu ya watu walijaa barabarani, na wengi wao walikuwa wamelelewa na yeye.

Mali yake ilipohesabiwa, pamoja na vitabu na samani, haikufika pauni 200. Lakini mikononi mwake zilikuwa zimepita karibu pauni milioni moja na nusu kwa ajili ya yatima, shule, Biblia na wamishonari. Tena, kwa miaka mingi taarifa za kazi hiyo zilikuwa zikimtaja mtoaji mmoja asiye na jina, ambaye lengo lake lilikuwa kuweka hazina mbinguni. Baada ya mazishi ikajulikana kwamba mtoaji huyo alikuwa Müller mwenyewe. Kutokana na fedha alizopewa kwa matumizi yake binafsi alikuwa ametoa zaidi ya pauni 81,000.

Juma hili tutafuata maisha ya mtu huyu tukiwa na swali moja mbele yetu: Je, kutoa kulimfanyia nini yeye aliyetoa?

JUMAPILI: Mkono Uliokunja Ngumi

George Müller alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika mji mdogo wa Kroppenstedt, katika ufalme wa Prussia, mahali ambapo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza kodi, na fedha za serikali zilikaa nyumbani. Kabla hajatimiza miaka kumi, George alikuwa amekwisha kuzoea kuziiba. Baba alipoanza kushuku, alihesabu kiasi kidogo cha fedha akakiacha chumbani pamoja na mtoto. Aliporudi, fedha zilikuwa zimepungua. Alimpekua kijana wake akazikuta ndani ya kiatu, chini ya unyayo.

Viboko havikumponya. Usiku ambao mama yake alikuwa akikata roho, George mwenye miaka 14 alikuwa akicheza karata, hana habari. Akiwa na miaka 16 alilala katika hoteli bila kulipa, akatiwa gerezani kwa zaidi ya majuma matatu. Baadaye, akiwa shuleni, alitapanya fedha alizopelekewa na baba yake, kisha akavunja kufuli la sanduku lake mwenyewe na kukimbia akipiga kelele kwamba ameibiwa. Marafiki walimhurumia wakamchangia kiasi kile kile alichodai kupotewa. Mwaka 1825 alisafiri na wenzake hadi Uswisi, naye ndiye aliyekabidhiwa mfuko wa pamoja. Kwa hila, yeye alichangia kidogo kuliko wote. Baadaye, akiukumbuka mfuko ule, alijilinganisha na Yuda.

Wakati huo wote alikuwa akisomea uchungaji. Alikuwa na mamia ya vitabu, lakini Biblia haikuwamo.

*Soma Yohana 12:4-6. Yuda alitaja maskini kwa midomo yake. Ni nini kilichoonyesha hali halisi ya moyo wake?*

JUMATATU: Mkono Unafunguka

Jumamosi moja jioni, mwezi Novemba 1825, rafiki alimpeleka Müller katika nyumba moja mjini Halle ambamo Wakristo wachache walikutana kuimba, kusoma Biblia na kuomba. Mmoja wao, ambaye baadaye alikwenda kuwa mmishonari barani Afrika, alipiga magoti. Müller alikuwa hajapata kumwona mtu akiomba kwa magoti. Aliondoka pale akiwa na furaha ambayo hakuweza kuieleza, akarudi nyumba ile tena kabla juma halijaisha.

Badiliko hilo liligusa mfuko wake mapema. Baba alikuwa amemsomesha akitumaini kwamba mwanawe atapata kanisa lenye kipato kizuri, naye baba atazeekea humo. Müller aliposema anataka kuwa mmishonari, baba alikasirika. Ndipo kijana yule yule aliyekuwa akiiba fedha za baba akaamua kutopokea hata senti moja kutoka kwake, kwa kuwa hakuweza tena kutimiza matumaini yake. Alikuwa amebakiza masomo marefu na hana kitu. Muda si mrefu, Wamarekani waliokuja Halle kusoma walihitaji mwalimu wa Kijerumani, wakamlipa vizuri.

Mwaka 1829 alikwenda London kujiandaa kwa umisheni. Aliugua, akapelekwa pwani ya Devon ili apate nafuu, na mwaka 1830 akawa mchungaji wa kusanyiko dogo la Teignmouth. Oktoba mwaka huo alimwoa Mary Groves. Mshahara wake ulikuwa pauni 55 kwa mwaka, na ulitokana na fedha za kukodi viti kanisani: mwenye nacho alikaa mahali pazuri, maskini alikaa palipobaki. Müller aliona kwamba utaratibu huo unawaaibisha maskini, akaukataa pamoja na mshahara wenyewe. Sanduku liliwekwa kanisani ili anayependa atie humo. Yeye na mkewe wakalichukua fungu la Luka 12:33 kama lilivyo. Waliuza vitu vyao vichache, wakawapa maskini.

*Soma Waefeso 4:28. Paulo hasemi tu kwamba mwizi aache kuiba. Ni hatua gani mbili zaidi anazomtaka achukue, na kwa nini ile ya mwisho ni muhimu?*

JUMANNE: Deni la Upendo

Alipokuwa mwanafunzi maskini, Müller alikaa miezi miwili bure katika nyumba kubwa za yatima za Halle. Nyumba hizo zilianzishwa na August Hermann Francke, mchungaji aliyefariki mwaka 1727, karibu miaka mia moja kabla. Mkono wa mtu aliyekwisha kuwa kaburini ulimpa kitanda.

Mwaka 1832 Müller alihamia Bristol. Mji ulikuwa na kipindupindu, na watoto wasio na wazazi walionekana barabarani. Juni 1835 yeye na Mary walimzika mwana wao mdogo, Elijah. Miezi michache baadaye, katika nyumba ya rafiki, alikutana na kitabu cha maisha ya Francke, na wazo la kuwalea yatima likamshika asipate kulitua. Alitaka pia Wakristo wachovu waliomzunguka waone kwa macho yao kwamba Mungu husikia maombi. Hivyo aliweka kanuni mbili: hatamwomba mtu yeyote fedha, wala hatakopa dukani.

Aliomba kwa Mungu nyumba, watumishi, samani, na pauni 1,000. Vitu vilianza kuja: vikombe, sahani, vitambaa, fedha kidogo kidogo. Mwezi Februari 1836 alikaa ofisini siku nzima akingojea maombi ya watoto watakaoingia. Hakuja hata mmoja! Usiku ule alijichunguza, akagundua kwamba ameombea kila kitu isipokuwa watoto wenyewe. Aliomba, na kesho yake maombi ya kwanza yakafika. Aprili mwaka huo nyumba ya wasichana ilifunguliwa katika mtaa wa Wilson.

*Ni nani aliyekutendea wema ambao huwezi kumrudishia yeye mwenyewe? Wema huo unaweza kumfikia nani kupitia mikono yako?*

JUMATANO: Septemba 1838

Kufikia mwaka 1838 kulikuwa na nyumba tatu na watoto karibu mia moja. Mwezi Septemba fedha zilikwisha. Mpaka hapo Müller alikuwa amebeba mzigo huo na wachache tu. Sasa aliwaita watumishi wote, akawaambia hali ilivyo, akawataka wasimweleze mtu wa nje na wasinunue chochote kwa mkopo. Watoto hawakuambiwa. Walikula kwa wakati wake kama siku zote.

Angalia yaliyotokea kwa watumishi wale. Mmoja alitoa shilingi 16 na nusu, akiba yake yote, kwa kuwa aliona si unyofu kumwomba Mungu fedha huku za kwake amezificha. Mwingine aliomba mshahara wake usifikiriwe kwa mwaka mzima. Waliokuwa wakilipwa kwa kazi wakawa washiriki wa kazi. Tangu hapo walikutana kila siku kuomba, na kila kilichofika kilikuwa jibu la maombi yao wenyewe.

Tarehe 18 mwezi huo hakukuwa na fedha za kutosha mahitaji ya siku iliyofuata, hata wakaanza kufikiria kuuza baadhi ya vitu vya nyumbani. Alasiri alikuja mwanamke kutoka upande wa London akiwa na zaidi ya pauni tatu alizotumwa na binti yake. Alikuwa amefika Bristol siku kadhaa kabla, akalala nyumba iliyopakana na ile ya wavulana. Siku zote hizo msaada ulikuwa nyuma ya ukuta. Müller aliona jambo hilo kuwa faraja kuu: Mungu alikuwa amekusudia kuwasaidia tangu mwanzo, lakini aliwaacha waombe kwanza.

*Linganisha na 1 Wafalme 17:8-16. Mjane wa Sarepta angepoteza nini kama angeukataa mkate wa Eliya?*

ALHAMISI: Mshonaji na Pauni Mia

Miongoni mwa waliotoa mwanzoni alikuwemo mwanamke mshonaji, dhaifu wa afya, ambaye kwa wastani alipata kama shilingi tatu na nusu kwa juma. Siku moja alileta pauni 100. Kwa mapato yake, hiyo ilikuwa kazi ya zaidi ya miaka kumi.

Müller hakuzipokea kwa haraka. Aliogopa kwamba dada huyo ameguswa kwa ghafla na kesho atajuta, hivyo akamwita na kumwuliza. Ikajulikana kwamba amerithi pauni 480. Baba yake alikuwa mlevi, amekufa na madeni. Ndugu zake waliwalipa wanaodai robo tu ya deni, nao wakakubali, kwa kuwa kisheria hawakuwa na la kudai. Mshonaji huyu aliwaendea kimya kimya akawalipa robo tatu zilizobaki. Ndugu zake walimpa mama yao pauni 50 kila mmoja. Yeye akampa 100. Baada ya hayo ndipo akaleta sadaka ya yatima. Müller alijaribu kumzuia, lakini alimkuta ametulia, amehesabu gharama, na moyo wake umekaa kwa Kristo aliyemwaga damu yake. Hata aliongeza pauni tano kwa ajili ya maskini wa kanisa.

Fedha zile ziliisha, naye akarudi kwenye sindano yake. Aliugua mara nyingi, wala hakuwahi kumwendea Müller kumwambia kwamba ana shida. Miaka michache baadaye akafariki, akiwa bado mwenye amani. Müller alimkumbuka maisha yake yote.

*Soma Marko 12:41-44. Kwa nini ni muhimu kwamba mshonaji alilipa madeni na kumtunza mama yake kabla ya kuleta sadaka? Soma pia Marko 7:9-13.*

IJUMAA: Faida ya Mtoaji

Wapo wanaofundisha leo kwamba sadaka ni mbegu ya kuvunia utajiri. Maisha ya Müller hayawaungi mkono. Hakutajirika. Alimzika mwanawe, na mwaka 1870 akamzika Mary baada ya karibu miaka 40 ya ndoa, akahubiri mwenyewe katika mazishi yake. Hakufanya biashara na Mungu.

Hata hivyo alipata faida, na inaonekana wazi. Mtoto aliyeficha fedha chini ya unyayo akawa mzee ambaye watu wa nchi nyingi walimkabidhi mali bila hofu. Kijana aliyeutapeli mfuko wa wenzake akawa mlezi ambaye hesabu zake zilichapishwa kila mara ili yeyote asome. Ile tamaa iliyokuwa imemshinda kuiacha kwa viboko na kwa gereza ilikufa kwa kutoa, siku baada ya siku, kwa miaka zaidi ya sitini.

Alipata pia nafasi moyoni. Nyumba ya kwanza ya Ashley Down ilifunguliwa mwaka 1849 kwa watoto 300. Kufikia 1870 zilikuwa tano, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Katika maisha yake alilea zaidi ya yatima 10,000. Bado alitenga fedha za kuwasaidia wamishonari wa Hudson Taylor huko China. Na kijana aliyekataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili alianza safari za kuhubiri akiwa na karibu miaka 70. Kwa miaka 17 alizunguka nchi 42, mwendo wa zaidi ya maili 200,000. Isaya 58:7-11 inaonyesha chemchemi hiyo ilitoka wapi.

Neno la Bwana katika Matendo 20:35 halisemi kwamba kupokea ni kubaya. Müller alipokea kila siku. Lakini alipokea kama bomba lipokeavyo maji, na bomba linalopitisha maji halikauki. Mkono wake ulikuwa umefunguka, na alipouacha ulimwengu haukuwa na cha kuachilia.

Maswali ya Kujadili:

1. Müller hakuwaomba watu fedha. Kanisa letu lina utaratibu wa zaka na sadaka, nalo huhimiza. Ni roho gani ya Müller tunayoweza kuishika ndani ya utaratibu huo?

2. Mtumishi mmoja aliona si unyofu kuomba huku ameficha akiba. Je, kuna maombi ambayo kikundi chenu kimekuwa kikiomba, na jibu lake limo mifukoni mwenu?

3. Mshiriki anadaiwa karo na kodi ya nyumba, lakini anataka kutoa sadaka kubwa mbele ya kanisa. Mtamshauri nini kwa upendo?

4. Soma 2 Wakorintho 9:6-11. Orodhesheni faida ambazo Paulo anazitaja kwa mtoaji. Ni zipi mnazoziona katika maisha ya mtu mnayemjua hapo kanisani kwenu?

5. Kabla ya Sabato ijayo, kila mmoja amtafute mtu mmoja mwenye uhitaji, amsaidie bila kumwambia yeyote. Msisimuliane mlichotoa. Elezeni tu jinsi kulivyoigusa mioyo yenu.