Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa Miaka ya Uhaba

Hayati Edward Moringe Sokoine aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili Februari 1983, wakati kipande cha sabuni kilikuwa bidhaa ya kupangiwa foleni tangu alfajiri. Wadhifa huo alikuwa ameushika kabla, kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1980, na alipoondoka nchi ilikuwa tayari imeanza kudidimia. Aliporejea aliikuta katika mdororo mkubwa kuliko wowote ulioikumba tangu Uhuru.

Alizaliwa Agosti 1, 1938 huko Monduli, mkoani Arusha, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli na baadaye Umbwe, Kilimanjaro, akajiunga na TANU mwaka 1961, kisha akapelekwa Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Mwaka 1965 wananchi wa Umasaini walimchagua kuwa mbunge wao. Miaka miwili baadaye alikuwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Ujenzi, na mwaka 1972 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Alipandishwa kwa haraka, lakini wadhifa uliomngoja mbele ulikuwa mzito kuliko yote hiyo.

Mwaka 1977, alipokuwa Waziri Mkuu kwa mara ya kwanza, hali ya fedha ilionekana njema. Baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ikapaa duniani, na akiba ya fedha za kigeni ya Tanzania ikavimba. Neema hiyo ya muda ilichukuliwa kana kwamba ni ya kudumu. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa, bei ya kahawa ikashuka, na kabla ya mwaka kwisha akiba ilikuwa imekauka. Wakati huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika na mpaka na Kenya kufungwa, hivyo nchi ikalazimika kuanzisha peke yake shirika la ndege, shirika la reli na huduma nyingine zilizokuwa za pamoja.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Tanzania iliigharimia vita hiyo kwa sehemu kubwa kutoka mfukoni mwake, na gharama yake hukadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500. Malori na mabasi yaliyopelekwa mstari wa mbele ni yale yale yaliyokuwa yakibeba pamba, kahawa na mahindi. Baada ya ushindi wa mwaka 1979, Mwalimu Julius Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Lakini mwaka huo huo bei ya mafuta ilipanda tena duniani kufuatia mapinduzi ya Iran, na miezi 18 ikageuka kuwa miaka.

Hata hivyo, si kila kilichoiangusha nchi kilitoka nje. Vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976, na mashirika ya umma ya mazao yakapewa kazi ya kununua kwa mkulima. Mashirika hayo yaliendeshwa kwa gharama kubwa, mara nyingi yakachelewesha malipo, na bei waliyolipa haikuweza kushindana na kupanda kwa gharama za maisha. Mkulima alijibu kwa njia iliyokuwa ndani ya uwezo wake. Wako waliopunguza shamba la pamba au korosho wakabaki na chakula cha nyumbani, na wako waliovusha mazao kwa magendo. Mauzo ya nje yakapungua, na pamoja nayo fedha za kununulia vipuri na malighafi. Viwanda vingi vikafanya kazi kwa kiwango cha theluthi ya uwezo wake au chini ya hapo, vikashindwa kutoa khanga, majembe na sabuni. Mkulima naye, akiwa hana cha kununua dukani, hakuwa tena na sababu ya kuuza zaidi. Huu ndio mzunguko uliokuwa ukiikaba nchi, na haukuwa na mtu mmoja wa kukamatwa.

Maisha ya kila siku yalibadilika. Ukame uliposababisha upungufu wa chakula, familia zilikula ugali wa yanga, yaani mahindi ya njano ya msaada. Hospitali zilikosa dawa na shule zikakosa madaftari. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka, na mtumishi wa umma ambaye mshahara wake haukumaliza mwezi alifuga kuku au ng'ombe uani. Mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikwama mwaka 1979, kwa kuwa Serikali ilikataa masharti ya kushusha thamani ya shilingi na kulegeza udhibiti wa bei.

Sokoine alijiuzulu mwaka 1980 kwa sababu za kiafya, akaenda Yugoslavia kwa masomo. Alipoitwa tena, wananchi walikuwa wamekwishaamini kwamba bidhaa zipo ila zimefichwa. Machi 1983 alianzisha vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Maghala na nyumba vilipekuliwa, mamia ya watu wakawekwa kizuizini, wakiwemo wafanyabiashara na watendaji wa mashirika ya umma. Wengine walizitupa mali usiku ili zisikutwe kwao. Bunge likapitisha sheria maalumu iliyohalalisha hatua zilizokwisha kuchukuliwa na kuunda baraza la kusikiliza mashauri hayo nje ya mahakama za kawaida.

Kampeni hiyo ndiyo iliyolifanya jina lake lipendwe vijijini na mijini, kwa kuwa wakubwa nao waliguswa. Lakini iliwapata pia watu ambao kosa lao lilikuwa kuweka mifuko michache ya sukari. Bidhaa zilizofichuliwa zilipokwisha kuuzwa, rafu zilibaki tupu kama awali, kwani ulanguzi ulikuwa tunda la uhaba zaidi ya kuwa mzizi wake. Mwaka 1984 sheria hiyo ilibadilishwa, na mashauri ya uhujumu uchumi yakarudishwa chini ya Mahakama Kuu.

Kinachosimuliwa kidogo ni mambo mengine ya miezi hiyo 14, ambayo pengine yalikuwa na uzito zaidi. Sera mpya ya kilimo ilitolewa mwaka 1983, na kazi ya kuvirudisha vyama vya ushirika chini ya sheria ya mwaka 1982 ikaendelea. Mabasi madogo ya watu binafsi, yaliyokuwa yakifukuzwa na polisi, yaliruhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, yakawa daladala. Novemba 1983 mpaka na Kenya ulifunguliwa. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka huo, iliyokusudia kuwaondoa mijini wasio na kazi na kuwapeleka mashambani, haikuzaa matunda yaliyotarajiwa.

Aprili 12, 1984, akitoka kwenye kikao cha Bunge mjini Dodoma kwenda Dar es Salaam kwa gari, Sokoine alifariki dunia katika ajali iliyotokea Dakawa, mkoani Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere alilitangazia Taifa msiba huo kupitia redio, na mwili wake ukazikwa Monduli. Salim Ahmed Salim aliteuliwa kushika nafasi yake.

Bajeti ya Juni 1984, miezi miwili baada ya mazishi, ilishusha thamani ya shilingi na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa walizipata wapi. Bidhaa zikaanza kurejea madukani, kwa bei ambazo wengi hawakuzimudu. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yalifikiwa mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Wakati huo Kitivo cha Kilimo cha Morogoro kilikuwa kimekwishapandishwa hadhi, tangu Julai 1984, kuwa chuo kikuu chenye jina la Sokoine.